Siku Ishirini na Nane

Kambini, 6 Februari

Mama Chiriku,

Za huko utanipa wewe. Za huku ni zilezile: vumbi, honi tatu, baruti, halafu vumbi tena. Simu bado tunaziacha getini kwa ajili ya hizo baruti, na hata ungekuwa nayo, huku bondeni mtandao hakuna. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Lori la vyakula linaondoka kesho, nami sitaki linipite.

Likizo imekataliwa tena. Hii ni mara ya tatu. Msimamizi anasema handaki limeingia kwenye mwamba mbaya, na mtu wa mtambo wa kuchoronga haachiwi aende. Nilibishana naye mpaka mate yakanikauka. Nikamwambia nina mke, nina mtoto. Akasema hata yeye anao. Basi nifanyeje, mwenye nguvu mpishe.

Usinune lakini. Benki ilitupa miaka ishirini, sisi tukasema tutalipa kwa saba, na huu ni wa tano tu. Wenzangu hapa wanajenga nyumba mdomoni. Yangu ina bati, ina vigae, ina chumba cha mtoto chenye dirisha la mashariki. Nikivua mabuti jioni huwa napita humo kichwani chumba kwa chumba, nazima taa zilizosahauliwa. Ukuta wa Chiriku upake rangi ya krimu, maana ile bluu inashika uchafu.

Natuma viatu vyake, namba ishirini na saba. Rafiki yangu mchomeleaji anakuja huko likizo, atapita kuwasalimu. Barua naendelea kutuma kiwandani kwenu, kwa kuwa sanduku la posta ni hilo hilo.

Ni mimi,
Baba Chiriku (na mwenye nyumba, usisahau)


Kiwandani, 25 Februari

Baba Chiriku,

Barua imefika na viatu vimefika, ila miguu ya mwanao haikuvisubiri. Siku hizi anavaa ishirini na tisa. Nimempa mtoto wa jirani. Silaumu, mguu haupimwi kwa kumbukumbu.

Tena nani wa kumlaumu mwenzake? Mimi kutwa niko na futi shingoni, napima watoto wa watu kwa ajili ya sare za shule. Wa kwangu namwacha amelala, namkuta amelala. Msichana wa kazi ndiye anayejua jino lipi limeng'oka. Mwisho wa mwezi napeleka rejesho benki, karani ananiambia hongera mama, natoka pale nimevimba kichwa mpaka kituo cha basi, halafu nakumbuka sijanunua mkate.

Juzi Chiriku ameniuliza kama msimamizi wako ana watoto. Nikasema anao. Akasema, "Basi kwa nini hamwachii baba wa mwenzao?" Mpelekee mwenyewe swali hilo, mimi limenishinda. Kila siku namwombea mtu huyo apate jipu mahali pa kukalia.

Umesema rafiki yako mchomeleaji anakuja huku likizo. Yeye kaipataje? Au mwamba mbaya unawajua wachorongaji peke yao? Mpe alete soksi zako zenye matundu nizishone.

Mama Chiriku


Kiwandani, 3 Aprili

Baba Chiriku,

Mchomeleaji alifika Jumapili. Soksi nimezipata. Alikula, akacheka na mtoto, akazungumza mengi. Ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna kitasa.

Nimepata kazi ya ziada ya kushona mapazia, kwa hiyo kuanzia mwezi huu rejesho litaongezeka. Usiniulize sana. Nataka deni hili liishe, tena upesi kuliko unavyotaka wewe.

Chiriku mzima. Siku hizi haongei sana. Mwalimu anasema ametulia.

Mama Chiriku

Barua endelea kutuma kiwandani. Nyumbani usitume kitu.


Kambini, 19 Mei

Mke wangu,

Taarifa ya benki imenifikia na nimeisoma mara tatu nikidhani wamekosea. Mara mbili ya rejesho letu! Kwa mapazia? Mji mzima umejifunika au? Nimewaonyesha wenzangu, mpishi akasema mwanamke kama huyo angempata yeye angeacha kuunguza maharage. Nimetembea wiki nzima kifua mbele.

Barua zako zimekuwa fupi, lakini najua ni kazi. Na Chiriku kutulia ni dalili njema, anakua. Mimi nilidhani atakuja kuwa mtangazaji wa redio.

Kuna kitu kinakuja. Wewe ulisema nisitume nyumbani, nami nasema mshangao hauombi ruhusa. Usiniulize, ngoja uone sura ya mtoto halafu uniandikie alivyofanya.

Baba Chiriku


Mtaani, 8 Julai

Kwa mwenye nyumba wetu,

Naomba radhi kukuandikia bila kutambulishwa. Mimi ni kinyozi, mpangaji katika nyumba yako tangu Aprili, pamoja na mke wangu na watoto watatu. Anwani yako nimeipata kwa seremala aliyeleta kitanda.

Kusema kweli tulidhani amepotea. Akasema hapana, kimelipiwa, ni zawadi ya mtoto wa nyumba hii kutoka kwa baba mwenye nyumba. Mke wangu alilia. Mimi nimepanga nyumba sita maishani mwangu. Yuko mwenye nyumba aliyewahi kuning'olea mlango nikiwa kazini, lakini wa kuniletea kitanda sijapata kumwona. Wanangu wawili wanalala humo, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Yale maneno yaliyochongwa ubaoni, "Lala Chiriku wangu", hatukuyaelewa. Tukadhani ndiyo jina la aina ya kitanda.

Kwa kuwa umetuonyesha moyo, nami niseme lililo moyoni. Bomba la jikoni linavuja. Mama yule anayekuja kuchukua kodi tunaona haya kumwambia, maana huja amechoka sana. Huja na binti yake. Yeye huingia, binti husimama getini. Mwezi uliopita mke wangu alimwita mtoto ndani anywe chai, akasema, "Asante, mimi si wa hapa." Ana adabu mno mtoto yule. Kama ni jamaa zako, basi wamelelewa vizuri.

Mungu akuzidishie.

Mpangaji wako,
Kinyozi


Kambini, 24 Julai

Mama Chiriku,

Nimepata barua ya shukrani. Kinyozi ananishukuru. Watoto wake wanalala kwenye kitanda nilichomchongeshea mwanangu, mmoja kichwani, mwingine miguuni, na bomba langu linavuja!

Umenidanganya. Mapazia! Nami nikakusifu mbele ya kambi nzima kama mjinga. Umenidanganya Aprili, umenidanganya Mei, umenidanganya kila mwezi kwa rejesho. Miaka minne nakula vumbi la mwamba ili mwanangu alale kwake, wewe unamtoa nje na kumsimamisha getini kwa watu kama mtoto wa ombaomba. Nani alikwambia nataka haraka hiyo? Mnaishi wapi? Na nani? Hilo nalo lijibu.

Nilikuwa napita kwenye vyumba vile kila jioni. Kumbe nilikuwa nakanyaga magodoro ya watu.

Umenidanganya na sijui nikuite nani.

Mwenye nyumba, maana ndivyo ninavyoitwa


Kiwandani, 15 Agosti

Baba Chiriku,

"Umenidanganya" umeliandika mara tano. Sasa kaa nikueleze habari za uongo.

Mchomeleaji, kinywa kimejaa wali, aliniambia hivi: "Shemeji, jamaa yako ni chuma. Sisi wote tunakwenda likizo, yeye siku zake anaiuzia kampuni. Mwaka wa tatu huu. Pale ofisini tunamwita Duka." Alidhani ananisifia mume. Nikamwongezea mchuzi. Chiriku alikuwa amekaa palepale, na kijiko chake kikabaki hewani. Njia ya mwongo ni fupi, yako imefika mpaka mezani kwangu.

Kumbe fomu inaletwa kila mwaka. Kumbe ina sehemu mbili, "nakwenda" na "nauza", na wewe mwenyewe kwa mkono wako unatia alama kwenye "nauza". Siku ishirini na nane, kila mwaka, miaka mitatu. Msimamizi hana kosa lolote. Nimemlaani mtu wa watu bure, nimemfundisha mtoto kumchukia. Huyo msimamizi uliyebishana naye mpaka mate yakakauka, ulibishana naye wapi, ndotoni?

Kesho yake nilikaa nikawaza. Nikasema, kama deni ndilo linalomzuia, nitaliua deni. Kodi ya nyumba ile inatosha rejesho zima la pili. Nikatafuta mpangaji, nikamwachisha msichana wa kazi, tukahama mimi na mwanao. Unauliza naishi na nani. Naishi na cherehani. Chumba kimoja nyuma ya kiwanda, kitanda kimoja, jiko la mafuta, ndoo ya maji chini ya meza. Sasa Chiriku akitoka shule anakuja kukaa chini ya meza ya kukatia vitambaa mpaka nimalize, na meno yake yanayong'oka nayajua yote. Sikufanya kukukomoa. Nilitaka deni liishe nione baada ya hapo utasingizia nini.

Umesema nimewapa watu chumba cha mwanao. Sisi wenyewe tulikuwa wageni mle. Vyumba vitatu, watu wawili, tunaogopa hata kupigilia msumari kwa sababu baba hajasema. Hasira yako yote umeimalizia kwenye kitanda. Barua nzima hukuuliza kwa nini mtoto aliyeitwa Chiriku haongei.

Nakuomba jambo moja na sitaliomba mara ya pili. Desemba njoo. Siku zako zote ishirini na nane, usipunguze hata moja. Deni libaki, benki haitakufa njaa. Mtoto ana miaka minane na anakujua kwa mwandiko. Ukiuza na hizi, neno "yetu" usiniandikie tena maishani.

Mama Chiriku


Kambini, 9 Septemba

Mke wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sina cha kujitetea. Ni kweli, niliuza.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Ile likizo ya kwanza, Chiriku akiwa na miaka minne, unakumbuka nilipombeba alivyopiga kelele? Kama kabebwa na mwizi. Wiki nzima aliniita "yule". "Mama, yule amekaa kwenye kiti chako." Siku ya kumi ndipo aliponiita baba, na siku ya kumi na mbili alinipa biskuti aliyokwisha kuitafuna. Nilipoondoka nililia kwenye lori mpaka dereva akaongeza sauti ya redio ili asinisikie. Mwaka uliofuata fomu ilipoletwa, nikaona nikija nitaanza tena kuwa "yule". Huku angalau nikipeleka pesa najua nimewafaa kiasi gani. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa baba kwa kalamu. Niliogopa, Mama Chiriku. Mwamba siuogopi, nikamwogopa mtoto wa miaka mitano.

Fomu ya mwaka huu nimeiomba mapema. Nimetia alama kwenye "nakwenda". Msimamizi alivua miwani akaniangalia, akasema, "Duka limefungwa?" Nikasema limefungwa.

Mwambie nakuja. Mwambie mimi ndiye yule.

Baba Chiriku


Kiwandani, 12 Oktoba

Baba Chiriku,

Nimemwambia. Akaenda kuchukua daftari la hesabu, akaandika tarehe kwenye jalada. Kesho yake mwalimu ananiambia darasa zima lina habari: baba yake anatoboa mlima, baba yake anakuja siku ya kufunga shule, baba yake ana sauti nzito kuliko ya mwalimu mkuu. Hilo la sauti sijui kalitoa wapi. Anaongea mpaka anashika kikohozi. Jana nilimwambia nyamaza kidogo, halafu nikaenda nje kufurahi peke yangu.

Shule inafungwa tarehe tano Desemba, asubuhi. Wazazi wanakaa nyuma, kila mtoto anasimama na kumtaja mtu wake. Fika tarehe nne.

Nimekushonea shati. Nimekata kwa kukisia, ukiwa umekonda tutapunguza.

Mama Chiriku


Kambini, 30 Novemba

Mke wangu mpenzi,

Kabla hujakasirika nisikilize mpaka mwisho.

Tumebaki hatua chache mlima upenye. Kampuni haitaki mtu yeyote wa mtambo aondoke, na safari hii, sikia, likizo wanainunua kwa bei mara tatu. Mara tatu! Nilikataa. Naapa nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikapiga hesabu, nikaona ikichanganywa na posho ya kumaliza kazi, inafunika kila kilichobaki benki. Chote. Nikajiuliza, niende sasa nirudi tena kuchimba mwaka mzima, au nivumilie miezi mitatu nije moja kwa moja? Mtu mwenye akili angefanyaje?

Nimetia sahihi jana, na pesa zimekwenda leo. Mama Chiriku, deni limekwisha! Siku ishirini na nane zimemaliza miaka ishirini. Nimepiga kelele humo handakini mpaka wakadhani nimeangukiwa. Nyumba ni yetu. Mwambie kinyozi atafute pa kwenda, mpake ile krimu, rudini mlale kwenu. Mwezi wa tatu nakuja, na si kwa likizo tena, nakuja jumla.

Shule itafungwa tena mwakani, na mwaka unaofuata. Zote hizo nitakuwa nimekaa kiti cha mbele. Mwambie Chiriku mvumilivu hula mbivu.

Wenu,
Baba Chiriku


Kiwandani, 9 Januari

Baba Chiriku,

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja Desemba. Tarehe nne tulikuwa stendi tangu saa nane mchana. Tulipokea mabasi manne, la mwisho likashusha mzigo tu. Tarehe tano nilimtanguliza shuleni, nikaenda kiwandani kuomba ruhusa ya pili ili nikae nyuma mahali pako. Nilichelewa, nikakuta wanakusanya viti.

Hati ya nyumba imetoka. Karani alinipa mkono na kusema hongera mama. Iko kwenye droo ya cherehani. Mkataba wa kinyozi nimeuongeza miaka miwili, na kodi nimemwambia aiweke kwenye akaunti yako. Hongera na wewe. Nyumba ni yako kabisa. Mimi na mwanao tumezoea hapa.

Sijakuandikia haya kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo Aprili, ilikuwa na kazi ya kufanya. Sasa nimebaki na usingizi.

Chiriku amekuandikia mwenyewe. Amefunga bahasha yake kwa gundi na kunikataza nisisome. Sijasoma.

Mama Chiriku


9 Januari

Shikamoo baba.

Mimi ni mzima na ninapanda darasa la nne. Nimekuwa wa sita kati ya arobaini na mbili.

Mama amesema deni limekwisha na wewe utakuja mwezi wa tatu. Naomba usije mwezi wa tatu.

Siku ya kufunga shule kila mtoto alisimama akamtaja mtu wake. Zamu yangu ilipofika nikasimama, na nyuma hapakuwa na mtu. Wenzangu wakauliza yuko wapi yule baba uliyemsema. Nikasema amekufa kwenye handaki. Sikupanga kusema hivyo, lilitoka tu. Mwalimu alinikumbatia akalia. Darasa zima lilisimama kimya kwa ajili yako. Halafu walinichangia madaftari manne na kalamu za rangi, na mwalimu mkuu alitoa nauli yangu ya wiki. Mama alipofika walimshika mkono wakampa pole, akadhani ni pole ya kuchelewa.

Ukija wataniita mwongo. Na madaftari itabidi niyarudishe, na mawili nimeshayaandika.

Kama unataka unaweza kuja nikienda sekondari. Huko watakuwa hawanijui.

Mwanao,
Chiriku